Kombe la Kiatu na Mdomo Wangu

Jamani, leo nimeaibika. Mchana kweupe, tena nikiwa na dera jipya. Naandika nimejifungia chumbani, stima imepotea, feni imelala, na nataka mlisikie hili kutoka kwangu kabla video haijawafikia. (Ndiyo. Kuna video.)

Kwa wale wageni kwenye hiki kikundi: mimi ni Mwalimu Kemunto, mtoto wa Kisii, mwaka wa pili sasa hapa Garissa. Nafundisha historia katika shule ya wasichana, na jioni nafundisha kandanda. Nina wasichana kumi na wanane wanaocheza na hijabu na suruali ndefu, na wanaupiga mpira kuliko kaka zao. Shida yetu ni uwanja. Kiwanja cha shule hakina ukuta, kimezungukwa na mathenge, ule mti wa miiba ya balaa. Miiba imetutobolea mipira minne mwaka huu. Umebaki mmoja, una viraka vitatu na hauna pumzi. Isitoshe, kila anayepita njiani husimama kutazama, na wazazi hawataki. Wameniambia wazi: uwanja wenye ukuta kufikia leo Jumamosi, la sivyo binti zao hawachezi tena.

Hapa Galbet, mtaa wetu, uwanja wenye ukuta ni mmoja tu, na ruhusa hutoka kwa mwenyekiti wa kamati. Nimemwandikia barua tatu. Jina lake nalijua kama lilivyo kwenye muhuri, Abdirahman Noor Hassan, lakini uso wake sijawahi kuuona. Kila nikienda naambiwa yuko Mandera kwa ngamia wake. Basi leo asubuhi karani wa kamati akanipigia: "Mwalimu, mwenyekiti amerudi. Kuja haraka, kesho anaondoka."

Nilifika mbio, na ule mpira wetu wa viraka kwenye mfuko kama ushahidi. Karani akasema ofisini kuna joto, niende nimngojee kwa Halimo, mwenyekiti hunywa chai hapo.

Kwa Halimo ni hoteli ya mabati inayotazamana na lango la uwanja. Nikaagiza chai ya maziwa ya ngamia, nikamweleza Halimo shida yangu yote, nikakaa nimeielekea barabara ili nilione gari la mwenyekiti likiingia. (Kwa akili zangu, mwenyekiti ni mtu wa gari kubwa na miwani myeusi.) Ndani kulikuwa na wanaume watatu: Kuresh, kijana fundi wa simu, Dagane, dalali wa mbuzi, na mzee mmoja mwembamba wa ndevu za hina, amejifunga kikoi chake, anakula anjera, ule mkate mwembamba wa Kisomali, kimyakimya kwenye kona. Nikasalimia, wakaitikia, wakarudi kwenye ubishi wao.

Ubishi ulikuwa huu. Timu ya Galbet ya sasa imechukua kombe la kaunti mara tatu mfululizo. Je, ndiyo timu kubwa kuliko zote za hapa?

"Hiyo imeisha," Kuresh akasema. "Mara tatu! Hakuna timu ingine kwa historia."

"Wewe ulikuwa wapi mwaka ya Gurey?" Dagane akamjibu. "Hao watoto yako wanacheza na fiatu ya duka. Timu ya Gurey ilicheza na njaa!"

Niwaeleze. Wengi hapa wakisema, "viatu" huwa "fiatu" na "mpira" huwa "mbira"; mtazoea. Hapa kila mtu ana jina la utani, na jina hilo likishika, la baba na la babu husahauliwa. Mrefu ni Dheere. Anayetumia kushoto ni Gurey. Huyo Gurey nimemsikia tangu siku niliyoshuka kwenye basi. Zamani, fainali ya mkoa, Galbet na Takaba ya kule Mandera, ilifika penalti, na ya mwisho akaipiga yeye, na viatu vya kaka yake vilivyomzidi ukubwa. Alipopiga, kiatu kikachomoka kikaruka kulia, mpira ukaenda kushoto. Kipa wa Takaba akakirukia kiatu! Akakidaka, akakiinua juu anashangilia, mpira uko wavuni. Galbet mabingwa. Mimi nilidhani Gurey alishafariki, au yuko ng'ambo kwa wanawe.

Hapo ningekunywa chai yangu ninyamaze. Lakini mnanijua.

"Samahani," nikasema. "Mimi ni mwalimu wa historia. Ushahidi uko wapi?"

Wote wakageuka. Halimo akaweka birika chini.

"Kipa gani anadaka kiatu akaacha mpira?" nikaendelea. "Kiatu na mpira vinafanana wapi? Hii ni hadithi ya vijiweni. Na kama ni kweli, basi kipa wa Takaba alinunuliwa! Kombe la kiatu halihesabiki. Timu kubwa ni hii ya sasa."

Kuresh, niliyekuwa nikimtetea, akainamia simu aliyokuwa akiitengeneza kana kwamba hanijui. Dagane akanikanyaga mguu chini ya meza. (Nikausogeza, nikidhani hana nafasi.) Halimo akakohoa mara mbili. Nikamwambia pole, anywe maji.

Yule mzee wa kona akamega kipande cha anjera polepole. "Endelea, mwalimu," akasema. "Unasema fizuri."

Kusifiwa kuna hasara yake. Nikasimama kabisa!

"Hata mimi," nikasema, "na dera langu hili, ule mpira ningeudaka."

Mzee akanawa mikono, akaifuta kwa shali yake.

"Mbira unayo?"

"Ninao, mzee."

"Basi twende. Ukidaka, ile shida yako ya uwanja mimi tamaliza. Ukikosa, utasema mbele ya watu kitu umeona. Kila kitu. Sawa?"

Nikaona mzee wa watu amechangamka, acha nimfurahishe. Mwenyekiti mwenyewe hajafika. Nitaudaka taratibu, nisimwaibishe. (Nilimwonea huruma. Mimi! Nilimwonea yeye huruma!)

Kufumba na kufumbua, uwanja ulishapata watu, simu zao juu. Waliokuwa hotelini, waendesha bodaboda, wauza maziwa, na karani akitoka ofisini na faili yake. Halafu nikawaona wasichana wangu sita langoni. Walikuwa wamekuja kusikia jibu la mwenyekiti. Nahodha wao, Hamdi, aliniona nimesimama katikati ya milingoti, nimekunja mikono ya dera, akafunika uso kabla hata jambo lolote halijatokea. Huyo mtoto ana akili.

Mzee akauweka mpira. Ule wetu, wa viraka. Akainama kidogo akagusa sandali yake ya kushoto, ya ngozi, pale kwenye kifungo. Niliona. Akarudi nyuma hatua nne, akasema bismillahi, akaja.

Jamani, niseme nini? Kilikuja kitu. Kilitoka mguuni kwa kasi, kikapaa kulia kwangu, na mwili wangu ukaondoka bila kuniomba ruhusa. Niliruka! Sijaruka hivyo tangu nikiwa chuo. Nikakidaka kwa mikono miwili, nikaanguka kwenye mchanga kwa goti, dera likachanika kando mpaka gotini (nilikuwa na suruali ndani, Mungu ni mwema), nikainuka nimekiinua juu.

"Nimedaka!" nikapiga kelele. "Nimedakaaa!"

Hakuna aliyenishangilia. Walikuwa wakitazama upande wa pili. Nami nikatazama. Mpira wetu usio na pumzi ulikuwa bado unajiviringisha polepole kuelekea wavuni. Ningekuwa na akili ningeufuata kwa miguu, ningeufikia, ningesalimiana nao kabisa. Nilibaki nimeinua mikono. Ukavuka mstari, ukasimama.

Nikatazama mikononi. Sandali.

Uwanja ukalipuka. "Gurey! Gurey! Gurey!" Watu wazima wanarukaruka. Dagane amemkumbatia mzee analia. Na mzee amesimama kwa mguu mmoja, ananyoosha mkono, anataka sandali yake.

Hapo ndipo nilipoelewa nilikuwa nikimtukana nani hotelini. Nikajiambia, potelea mbali, ni mzee wa mpira tu, nitamwomba radhi, kisha mwenyekiti atakuja niendelee na yangu. Ndipo karani akapita mbele yangu na faili, akamwinamia yule yule mzee.

"Mwenyekiti," akasema, "huyu ndiye mwalimu wa zile barua tatu."

Nataka mnyamaze kidogo hapo, mnisaidie kusikia uchungu.

Nilimwangalia Hamdi. Alikuwa ameshika mikono ya wenzake, na hakuwa akicheka. Wote sita hawakucheka. Walijua kuliko mimi kwamba uwanja ndio huo umeondoka, pamoja na Jumamosi zao zote. Afadhali wangecheka. Nilitamani kulia.

"Mwalimu," Gurey akasema, "umekosa. Sasa utasema mbele ya watu." Akatoa simu, akabonyeza, akaweka sauti kubwa. "Mtu ya kwanza kusikia ni huyu. Ni kiba wa Takaba. Siku hizi ana duka ya unga huko. Miaka yote hajakubali kombe letu."

Simu ikaitikiwa. Sauti ya mzee, nzito, ya kuchoka.

"Walaal, ndugu yangu," Gurey akamwambia, "niko na mwalimu hapa. Amedaka kiatu yangu kama wewe!" Watu wakaangua kicheko.

Kipa hakucheka. Akauliza taratibu: "Mwalimu, hebu niambie. Kabla ya kubiga, aliinama? Aligusa kiatu?"

Kicheko kikakatika. Wote wakanitazama. Dagane alinitazama kwa macho ya kuniomba. Mimi nikaitazama faili ya karani, barua zangu tatu ndani yake. Nikisema hapana, mwenyekiti atafurahi. Nikisema ndiyo, basi kiatu kililegezwa makusudi, na kombe la Galbet linaingia doa, mbele ya Galbet nzima, na mwenye uwanja ndiye mwenye doa. Lakini mzee mwenyewe alisema niseme kila kitu. Tena nilikuwa nimesema yule kipa alinunuliwa, naye hakuwepo kujitetea, na kosa lake ndilo hili hili langu.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Aliinama. Aligusa kifungo. Niliona kwa macho yangu, na bado nikakirukia. Na nisamehe, sasa hivi hotelini nilisema wewe ulinunuliwa."

Tukamsikia akivuta pumzi ndefu.

"Wallahi nilijua," akasema. "Nimewaambia watu. Hata watoto yangu hawakuamini." Sauti ilikuwa imebadilika. "Mwalimu, wewe usione aibu. Nilikuwa beke yangu. Sasa tuko wawili."

Nikashindwa kujizuia. Nikalia pale pale, na sandali mkononi. Nililia kwa ajili yake, na kwa wasichana wangu, na kidogo kwa ajili ya dera.

Galbet yote ikamgeukia Gurey. Mzee akakuna ndevu zake za hina. Akatazama chini, akatazama mguu wake ulio wazi, na mabega yakaanza kutikisika. Anacheka! Alicheka mpaka akamshika karani bega asianguke.

"Kiatu ilikuwa ya kaka yangu, walaal," akaiambia simu. "Ilikuwa kubwa. Mimi niliisaidia kidogo tu."

"Kidogo!" kipa akafoka. Halafu naye akacheka, kicheko kikavu cha mtu asiyekizoea. "Gurey, sikiliza. Kombe kaa nalo, mimi sina haja. Lakini huyo mama mpe uwanja. Huyo ni mtu yangu."

"Hata hujui anataka uwanja ya nini."

"Mpe!"

Mwenyekiti akaomba kalamu. Akaivaa sandali yake kwanza, akaifunga kifungo vizuri sana huku akinitazama, kisha akaisaini barua yangu juu ya mgongo wa karani, kwa mkono wa kushoto. Kila Jumamosi asubuhi, lango limefungwa, ufunguo kwa mwalimu. Hamdi na wenzake walipiga vigelegele mpaka mbuzi wa Dagane wakatawanyika.

Kuresh bado anabishana huko hotelini, nasikia. Sasa anasema kombe la Gurey lipunguzwe nusu. Dagane anasema mimi ni jasusi wa Takaba.

Basi ndiyo hivyo. Jumamosi ijayo wasichana wangu wanaanza mazoezi ndani ya ukuta, na makipa wataanza na viatu kabla ya mpira. Video mkiiona, tafadhali msinicheke. Mwenye haki ya kunicheka kuliko ninyi wote yuko Takaba, na sasa hivi amenipigia mwenyewe, namba kapewa na Gurey, kuniuliza kama goti linauma.