Majibu Matatu ya Darasa la Sita A

Jumatatu, 3 Machi 1975
Direkta Mbayo, mkuu wa shule yetu, ametusomea barua. Mkaguzi anakuja Jumatatu ijayo. Hataki tena maswali ya kukariri, anataka maswali ya kupima kama mtoto ameelewa. Mwalimu atakayempendeza atakuwa msaidizi wa direkta. Kiti hicho ni changu. Nafundisha mwaka wa kumi na moja, sasa Sita A, na sauti yangu inafika barabarani. Mpinzani ni mmoja tu: mama Tshibola wa Sita B.

Jumanne, 4 Machi
Nimetunga swali: "Mji mkuu wa Zaïre ni upi?" Direkta akauliza hapo kuna kuelewa gani. Nikaongeza "Eleza kwa urefu." Akanirudishia karatasi.

Nikapita dirishani kwa Tshibola. Ameleta sufuria ya maji moto, mwiko wa mti na kijiko cha shaba. Watoto wanashika, wanaruka, kisha anawauliza kwa nini mama zao wanasonga bukari, ugali wetu, kwa mwiko wa mti. Shule imegeuka jiko. Lakini swali ni zuri. Nimelinakili.

Alhamisi, 6 Machi
Sasa ninayo matatu. La kwanza ni la mwiko. La pili: kwa nini nguo hukauka upesi Agosti kuliko Januari? La tatu: kwa nini treni inatuletea mihogo kutoka Kasaji?

Nimewajaribu watoto. Wakanyamaza, wakafikiri. Dakika nzima! Kimya kama kile mbele ya mkaguzi, nimekwisha. Basi nimeandika majibu ubaoni, wayakariri kwa namba. Hapatakuwa na haja ya kufikiri.

Bilonda, binti wa fundi wa reli, akauliza kwa nini moto unapita upesi katika shaba kuliko katika mti. Nikamjibu kwamba hilo halimo katika maswali ya kuelewa.

Jumamosi, 8 Machi
Mazoezi asubuhi yote. Darasa linajibu kama kwaya. Tshibola akaniuliza itakuwaje mkaguzi akibadili mpangilio wa maswali. Nikamwambia wivu haumfai mwalimu.

Jumatatu, 10 Machi
Amebadili mpangilio.

Alichukua karatasi yangu, akaisifu, akaanza na la tatu. Mtoto mmoja, Mbuyi, akasimama wima na kumjibu kwa heshima: "Juu shaba inapitisha moto mbio, tata."

Mkaguzi akavua miwani. Akauliza darasa zima kama mihogo ya Kasaji inakuja kwa sababu ya moto wa shaba. Wote wakaitika ndiyo. Nilikuwa nimewafundisha kuitika.

Akamgeukia Bilonda, akamuuliza sababu ya jibu lile. Bilonda akasema kwa adabu: "Ni jibu ya kwanza, tata. Na wewe umeanza na ile swali."

Nikaangalia viatu vyangu. Mkaguzi akamwomba asahau namba, afikiri tu. Mtoto akafikiri. Kisha akasema: "Kule Kasaji, kwa nkambo wangu mzee, banalima mihogo. Huku wababa banachimba shaba. Shaba hailiwi, tata."

Mkaguzi akampa mkono kama mtu mzima. Mimi hakunipa.

Baadaye nikamwita Bilonda, nikamkanya asirudie. Jibu lile halikuwa ubaoni.

Jumatano, 12 Machi
Msaidizi wa direkta ni Tshibola. Nami nimeamriwa kuhudhuria mafunzo yake kila Jumamosi, jinsi ya kutunga maswali. Mwishoni kuna mtihani.

Nilimwendea, nikamwita mama msaidizi, nikamwomba maswali ya mtihani huo mapema, pamoja na majibu. Alicheka mpaka akaketi. Sikuona cha kuchekesha. Akaniazima daftari lake, akasema nisome taratibu.

Ijumaa, 14 Machi
Nimeshika kwa kichwa ukurasa wote wa kwanza, "Kuelewa ni nini," mistari kumi na minne. Nimekwama mara moja tu, mstari wa tisa. Kesho nitaketi mbele kabisa. Tshibola aniulize kwa mpangilio wowote anaoutaka, mradi aanzie juu.