Kundi la Mtu Mmoja

Leo nimevuliwa nguo mkutanoni. (Shati na kaptura bado ninavyo. Nasema aibu.) Shabani na Omari, nawaandikia nyinyi mlioko huko Kilole kwa sababu hapa kijijini hakuna tena mtu ambaye hajasikia.

Tuna mgeni, mtafiti kutoka chuo kikuu. Ana miwani, kalamu tatu mfukoni na karatasi za maswali. Anauliza jinsi watu wanavyoishi katika kijiji cha ujamaa. Ametugawa makundi kama mtu anayechambua mbegu: wazee wakulima, wafugaji, wanawake wenye waume, wajane. Wazee wote wamemwambia kuwa wanakwenda shamba la kijiji kila siku. Ingekuwa kweli, shamba lile lingekuwa limeshatoka Handeni na kufika Korogwe.

Leo Jumapili asubuhi akanikuta nyuma ya nyumba nachonga mpini wa jembe.

"Ndugu Athumani, nimebakiza kundi moja tu. Vijana wa kiume waliomaliza darasa la saba na hawajaoa."

Nikageuka kuwatafuta hao vijana. Hakuna mtu. Tangu nyinyi mlipokwenda kwenye mashamba ya mkonge, kundi hilo ni mimi.

Mnajua nilivyo. Watu wawili wakinitazama, sauti inakatika. Lakini huyu hakunitazama mimi, alitazama karatasi. Tena akasema, "Usiogope. Jina lako sitaliandika popote. Hata mwenyekiti hatajua nani kasema nini."

Basi ulimi ukafunguka. Jamani! Maneno niliyoyameza miaka yote yakatoka siku moja.

"Shamba la kijiji unakwenda siku ngapi?"

"Siku zote za kazi, isipokuwa Jumatano na Alhamisi. Siku hizo naumwa tumbo."

"Kila juma?"

"Najifanya."

Akaacha kuandika. "Kwa nini siku hizo?"

"Jumanne mama yake Mwanaidi anatwanga mtama. Akisikia naumwa, anamtuma Mwanaidi aniletee uji."

Mwanaidi mnamjua, binti wa Mzee Mhina, msimamizi wa shamba la kijiji. Msilolijua ni kwamba Ijumaa hii mjomba wangu alikuwa apeleke posa. Mzee Mhina alikuwa ameshamdokeza kuwa hatakataa, kwa sababu mimi ni kijana mpole na mchapakazi, "ila tumbo tu." (Tumbo tu!)

"Na usimamizi wa shamba, unauonaje?"

Hapo ilifaa ninyamaze. Sikunyamaza.

"Msimamizi anajua filimbi kuliko jembe."

Akaandika hilo pia. Akanishukuru kwa mikono miwili. Nikabaki nachonga mpini huku naimba, mwepesi kama pamba.

Alasiri tukaitwa shuleni. Mtafiti anaondoka kesho, akataka kutusomea aliyoyapata. Mimi nikakaa dawati la nyuma kabisa. Mzee Mhina alikaa mbele na filimbi yake shingoni. Mwanaidi na mama yake walikuwa upande wa wanawake.

"Majina yote nimeyaficha," mtafiti akatangaza. "Nitasoma kwa makundi tu."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Akaanza na wazee. Wote wanalima kila siku. Makofi! Wajane wanaomba kisima kiwe karibu. Wafugaji wanasema ng'ombe wao hawajawahi kuingia kwenye mahindi ya mtu. (Mahindi yalijila yenyewe.) Kisha akashika karatasi ya mwisho.

"Vijana wa kiume waliomaliza darasa la saba na hawajaoa. Hawa wote, bila kubaki hata mmoja, hujifanya wanaumwa tumbo kila Jumatano na Alhamisi."

Kisha vichwa vikaanza kugeuka. Kimoja. Viwili. Benchi zima.

"Wote hufanya hivyo ili binti mmoja awaletee uji."

"Uji wangu!" mama yake Mwanaidi akapiga ukelele. "Natwanga mpaka mikono inatoka malengelenge, kumbe uji wangu!"

"Na wote wanaona kwamba msimamizi anajua filimbi kuliko jembe."

Kijiji kikaangua kicheko. Wale wazee wanaolima kila siku ndio waliocheka zaidi, mmoja mpaka kofia ikaanguka. Mwanaidi alijifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Sijui alikuwa analia au anacheka. Namwomba Mungu iwe kicheko.

Mtafiti alifurahi sana. "Mnaona? Tumejifunza jambo, na hakuna anayejua ni nani!"

Mzee Mhina akasimama. Hakunitazama hata kidogo.

"Nashukuru, ndugu mtafiti. Nina ombi. Hao vijana wote, waambie kesho alfajiri wawe shambani. Wapange mstari."

"Nitawaambia, mzee."

"Na keshokutwa. Na Jumatano. Na Alhamisi hasa."

"Nimeandika."

"Kuna mjomba wao alitaka kuja kwangu Ijumaa. Waambie abaki kwake mpaka palizi iishe. Nataka kwanza niyaone hayo matumbo yao yanavyoendelea."

Nikasema nitoke polepole. Nikajigonga goti kwenye dawati, likaanguka na kelele, na waliokuwa bado hawajageuka wakageuka. Mlangoni bibi mmoja akanishika mkono.

"Pole na tumbo, mwanangu," akasema. Kisha akaangalia kushoto na kulia kwangu, kama kuna wenzangu. "Poleni nyote."

Nimeanza barua hii mara tu nilipotoka shuleni, na sasa jua linazama. Mkono wangu mnaujua, ni mzito wa kuandika. Mpini wangu ndio huu, kesho utapata kazi. Nawaomba msicheke, na msiisome kwa sauti mbele za watu. Na akija mtu mwenye karatasi akawaambia kuwa majina yenu hayatajulikana, muulizeni kwanza: kwenye kundi langu tuko wangapi?