Injini Mpya, Boti Ileile

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani tangu jana. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Mpito ya Kubadilisha Injini ya Boti ya Utalii MV Sheshe, ambayo mwenyekiti wake ni mimi, Kelestini. Wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kuisimamia Kamati hiyo, ambayo mwenyekiti wake, kwa unyenyekevu mkubwa, ni mimi pia. Viongozi wa dini, viongozi wa bodaboda, viongozi wa wavuvi. Kwaya iliyotutumbuiza, na kwaya ambayo muda haukuiruhusu kututumbuiza. Wadau wa maendeleo, wadau wa mto, wadau wengineo. Wananchi wa Ifakara, na ndugu zetu wa Lupiro mliovuka daraja asubuhi hii kuja kushuhudia: mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Injini?

(Wananchi: Mpya.)

Boti?

(Wananchi: Ileile.)

Asanteni, kaeni. Waliokaa waendelee kukaa.

Ndugu wananchi, kabla sijaingia kwenye kiini cha hotuba naomba niingie kwenye utangulizi, na kabla ya utangulizi naomba nimpongeze fundi wetu Beatus kwa kipaza sauti hiki chenye viwango, ambacho kinaendeshwa na mtambo wetu wa kisasa mnaousikia ukidunda pale nyuma ya turubai, mtambo ambao umenisindikiza katika mikutano yote ya uhamasishaji kuanzia Mkula mpaka Mchombe na haujawahi kuniangusha.

(Makofi. Mama Agnella, mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Lupiro, anainua mkono mstari wa mbele: "Huo mlio mbona naufahamu?")

Maswali mwishoni, mama.

(Mama Agnella: "Sawa. Ila nimekuja na guta la kubebea mzigo.")

Guta lako limetambuliwa na kamati. Sasa basi, tukumbushane tulikotoka. Wakati kamati yangu inaingia madarakani, asesmenti ya kitaalamu ilionyesha kwamba uchakavu wa injini ya MV Sheshe umefikia asilimia mia moja na nne, maana yake ni kwamba injini ilikuwa imechakaa yote ikaanza kuchakaza vitu vya jirani. Pistoni imekwisha, ringi zimekwisha, kranki imepinda kama mundu, na nyie wenyewe mliiona, kwa sababu tuliipakia kwenye pikapu tukaipitisha kijiji kwa kijiji ili kila mwananchi aguse uchakavu kwa mkono wake, na pale Mkula bibi mmoja aliishika akaiambia, pole, umefanya kazi.

(Wananchi wanatikisa vichwa kwa huzuni.)

Nani asiyeelewa umuhimu wa boti ile? Mtalii anatoka kwao, anataka kuona kiboko, anataka kuona mamba, anataka kumwona sheshe, yule swala wetu wa bondeni, akinywa maji jioni huku yeye mtalii ameketi kwenye kiti cha kukunja anakunywa soda, na hayo yote kwa mujibu wa rodi mapu yetu yanategemea kitu kimoja tu, nacho ni injini.

(Nkwabi, mvuvi, kutoka nyuma: "Mwenyekiti, mimi nashinda mtoni. Hiyo boti sijawahi kuiona inapita.")

Swali zuri, na ndilo linalothibitisha hoja yangu. Injini ikifa, boti haiendi. Boti isipokwenda, utaionaje ikipita?

(Makofi marefu. Nkwabi anapigwapigwa mgongoni na wenzake.)

Na pamoja na changamoto hiyo, ndugu wananchi, tangu nishike uongozi hakuna abiria hata mmoja aliyezama akiwa ndani ya MV Sheshe. Haijachelewa kuondoka. Haijamkwaruza kiboko. Haijamwaga oili mtoni. Natoa changamoto kwa boti yoyote ya hapa nchini ilete rekodi yake tulinganishe.

(Vigelegele.)

Katika kutekeleza mkakati huo tulifanya fizibiliti stadi, tukafanya mobilaizesheni ya wadau, na mdau wa kwanza kuitikia alikuwa mama yetu huyu Agnella, ambaye baada ya mimi mwenyewe kumfuata nje ya kanisa na kumweleza kwa kina, alikubali injini ya mashine yake ing'olewe, ifungwe kwenye boti kwa kipindi cha mpito, mpaka ile mpya ifike.

(Mama Agnella: "Mwenyekiti, ulisema wiki mbili. Mpunga umeshavunwa, uko ndani kwa watu. Lupiro nzima wanatwanga kwa mikono. Injini yangu inarudi lini?")

Suala la urejeshwaji, mama, lipo kwenye hatua nzuri sana za awali, na kamati imeshakaa, na imeazimia kukaa tena, na pindi itakapokuwa imekaa

(Mama Agnella: "Lini?")

na pindi itakapokuwa imekaa, ndugu wananchi, hapa karatasi yangu inasema nitoe takwimu za mafanikio. Siyo chache. Niziruke tu.

(Makofi. Mwenyekiti anaomba makofi yasitishwe.)

Katika utekelezaji wa kila mradi kuna changamoto, na mimi kama kiongozi muwazi nazitaja: ya kwanza ni mimi. Ya pili na ya tatu zinatokana na ya kwanza.

(Kicheko. Mwenyekiti hacheki.)

Wiki jana mke wangu Eveline alinipa gunia la mpunga akasema, peleka ukakoboe kwa Mama Agnella, acha kuzurura na faili. Nikaenda. Nakuta mlango umefungwa, umeandikwa kwa chaki, "Injini imeenda kwenye boti." Jamani, nilipandisha hasira mimi kama kiongozi. Nikauliza kwa sauti, ni mpuuzi gani anayechukua injini ya watu msimu wa mavuno? Kina mama waliokuwa wanatwanga pale jirani wakasimamisha michi. Wakaniangalia. Kisha mmoja akasema, shikamoo, Mwenyekiti.



Nikaondoka na gunia langu mpaka kwa Padre, nikaomba kuungama. Na kwa kuwa nimezoea, nilianza na itifaki. Nikamtambua Padre, nikawatambua malaika na watakatifu kwa kadiri ya vyeo vyao, nikaingia kwenye utangulizi, na huko nyuma wenye zamu zao wakaanza kukohoa. Padre alinivumilia, kisha akasema, Kelestini, hiyo injini iko wapi leo? Nikamwambia, Padre, iko kwenye mchakato. Akasema, itoe huko kwenye mchakato, kisha urudi.

(Sauti: "Amen.")

Kwa hiyo hotuba hii ya leo, ndugu wananchi, ni sehemu ya utekelezaji. Mchakato wenyewe ulianzia kwenye semina. Tulikuwa viongozi wengi, chakula kizuri, na kila mmoja anaulizwa, kwenu mna mradi gani? Huyu kisima, huyu zahanati, yule mizinga ya nyuki, zamu inanikaribia mimi na sina kitu. Ningesema tunanunua boti, wangetaka kuiona. Nikasema, sisi tunabadilisha injini ya boti. Wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza zaidi ya hapo, kwa sababu mtu ukimwambia injini imekufa anakupa pole kwanza. Niliporudi nikakuta barua ya pongezi imenitangulia, na kamati imeshaundwa, na mimi ndiye mwenyekiti.

Ile injini mbovu mliyoigusa ni ya pawatila, lile trekta dogo la kulimia, lililokufa Mchombe. Kila aliyeona injini mbovu aliamini boti ipo. Ndugu zangu, hata mimi. Kuna siku nilikwenda mtoni kuangalia kama imefungwa vizuri isichukuliwe na maji.

(Wananchi wanatazamana.)

Naomba tuhitimishe kwa kaulimbiu yetu. Injini?

(Wachache: Mpya.)

Boti?

(Nkwabi: "Ipi?")

Asante, Nkwabi. Swali hilo lingeulizwa kwenye ile semina, leo ningekuwa shambani navuna.

Nachukua nafasi hii kumshukuru Mgeni Rasmi kwa kutofika kuzindua kisichokuwepo. Naishukuru kamati kwa kusimamia kwa uadilifu boti ambayo haikuwahi kuchongwa, kuundwa wala kununuliwa. Nawashukuru nyinyi kwa kuiimba. Na kwa namna ya pekee namshukuru Mama Agnella, ambaye injini yake haikuvuta mtalii hata mmoja, ila ilifungiwa dinamo ikawa inavuta kipaza sauti changu kila nilipokwenda kueleza umuhimu wa boti. Ndiyo hiyo inayodunda nyuma ya turubai. Kila mkutano nilisema nikimaliza hotuba hii naipeleka Lupiro. Tatizo nikishika kipaza sauti huwa simalizi.

(Mama Agnella amesimama: "Hapo bado kurasa ngapi, baba?")

Nne, mama. Na kiambatisho.

(Mama Agnella: "Hizo kurasa zina mpunga?")

Hazina, mama.

(Mama Agnella: "Basi.")

Naomba nimalizie na aya moja tu ya matarajio, halafu... hapana. Beatus, zima. Zima kabla sijaanza ten

(Kipaza sauti kimekatika. Mdundo umenyamaza, unasikika mto. Mwenyekiti anashuka jukwaani na kuzungumza kwa mdomo mtupu. Wa mbele wanawapasha habari wa nyuma.)

Mama Agnella, shikamoo. Kwenye itifaki nilikusahau.

(Mama Agnella: "Marahaba, mwanangu. Vua hilo koti, uinue injini upande ule tuipandishe kwenye guta. Bado ina moto, usije ukaungua.")