Madaftari Matatu ya Ubavu Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Muuguzi wa kliniki ya maumivu kanipa daftari. Kila siku niandike namba. Sifuri, siumwi. Kumi, naumwa mpaka nimesahau jina langu. Nikamwambia jina nitakumbushwa, mimi nataka kuvaa nguo. Kanipa na vidonge vya neva, kimoja kila jioni, nisiongeze wala nisiache kwa kichwa changu. Jumatano ijayo daktari atasoma daftari, ndipo aamue kama dozi ipande.

Mwaka jana nilipata mkanda wa jeshi, ubavu wa kushoto. Malengelenge yakakauka, ngozi ikapona, moto ukabaki. Kitambaa kikigusa pale ni kama pasi. Mimi, niliyeshona kwa cherehani miaka arobaini, naogopa kitambaa. Gauni navaa nimeligeuza, mishono ikae nje isiniparuze. Wapita njia wananiona nimechanganyikiwa. Wacha wanione.

Shule sikwenda. Herufi nilifundishwa na binti yangu akiwa darasa la pili, mimi nakanyaga cherehani, yeye kashika rula. Sasa ni mwalimu kweli, na bado ananisahihisha.

Shida ni hii. Mjukuu wangu, mwanawe, anaolewa tarehe ishirini na mbili. Gauni nilimwahidi tangu ana meno ya maziwa. Leo binti katoa hukumu: Jumamosi atakagua daftari. Namba ikizidi sita hata siku moja, gauni linahamia kwa Bi Beseni.

Bi Beseni ni jirani, milango yetu inatazamana. Naye fundi. Sukari imemchoma neva za miguu, anashinda kaitumbukiza kwenye beseni la maji. Mshono wake umenyooka, sikatai. Lakini gauni la mjukuu wangu? Labda nife kwanza, na sanda nishone mwenyewe.

Maumivu: 8.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na mpango. Namba ndogo zitanipa gauni. Namba kubwa zitanipa dozi. Daftari moja litatosha vipi?

Nimeongeza mawili. Dukani yalikuwepo ya kijivu tu, mapacha na lile la muuguzi, kwa hiyo kila moja nimelishonea uzi mgongoni, ncha ining'inie. Uzi mwekundu, la binti. Uzi mweupe, la daktari. Uzi mweusi ni hili, la kweli, ambalo linakaa kwenye droo ya bobini na halitaonwa na mtu.

La binti: 3, nimelala vizuri, nashukuru. La daktari: 10, nimeona malaika, kavaa koti. La kweli: 8.

Nimekata satini. Nimeishika mbali na mwili kama mtoto aliyejikojolea.

Alhamisi, 6 Machi

Bi Beseni kasema famasi kuna dawa ya kupaka ya neva, imetengenezwa kwa pilipili. Kasema pia kwamba yeye anaumwa kunishinda. Nikamjibu miguu unaweza kuitoa nje ya shuka, ubavu nitauning'iniza wapi? Kasema ubavu wangu haujawahi kukanyagwa. Tumeshindana hivyo mpaka maji ya beseni yakapata moto kwa jua.

Famasi dawa imekwisha. Lakini pilipili hata jikoni kwangu ipo. Nimesaga, nimechanganya na mafuta, nimepaka.

Kilichofuata sitakiandika. Nitaandika kidogo tu. Nilitoka mbio nimevuta gauni mbali na mwili, nikajifuta machozi kwa mkono uleule. Bi Beseni akanimwagia maji ya beseni, ya miguu yake. Ndiyo yaliyokuwa karibu. Nimemshukuru kwa shingo upande.

La binti: 2. La daktari: 10. La kweli: muuguzi hakunipa namba hiyo.

Ijumaa, 7 Machi

Kesho ukaguzi, na mikono ya gauni bado haijaingia.

Kidonge kimoja kinashusha moto hadi sita hivi. Hesabu yangu: viwili vitaushusha hadi tatu, na hapo sitakuwa nimemdanganya binti. Nimemeza viwili mchana. Moto haukushuka. Nimeshuka mimi. Kuta zikaanza kutembea. Nimelala kifudifudi juu ya meza ya cherehani mpaka jua linazama, nimeamka na bobini imejichora shavuni. Mkono mmoja wa gauni nimeuziba mwisho kama soksi. Nimeufumua, naapiza kila mshono kwa jina lake.

Naliandika hili kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Naogopa. Si moto, moto tumeshazoeana. Naogopa gauni litoke humu ndani halina mshono wangu. Leo nikiulizwa habari nasema mimi ni fundi, naumwa kidogo. Gauni likivuka kwenda mlango wa pili, nitasema mimi ni mgonjwa, na sina kingine cha kusema.

La kweli: 9. La binti: 3.

Jumamosi, 8 Machi

Binti alisema saa nne. Saa tatu na nusu nilikuwa naunga ubavu wa gauni, kichwa bado kizito cha jana. Nakanyaga kwa haraka. Gauni langu, kama kawaida, limegeuzwa, kingo za mishono zinapepea. Sindano ikala ukingo wangu pamoja na satini. Shibiri nzima kabla sijashtuka.

Nimejishona kwenye gauni la bibi harusi.

Mkasi uko kabatini, hatua nne. Nikajaribu kuinuka, satini ikavuta gauni langu, gauni langu likasugua ubavu. Nikaona nyota. Nikakaa. Nje nikasikia viatu vya binti.

Lakini aliyetangulia kuingia ni Bi Beseni, miguu inachuruzika, hakubisha hodi. Akanitazama. Akatazama sindano. Akanitazama tena, polepole, na nikaona jinsi alivyoelewa. Neno moja tu kutoka kwake na gauni ni lake.

Binti akaingia, akauliza mbona siinuki kumpokea. Bi Beseni akadakia: mwache mama yako, kakaa hivyo kwa amri yangu, ananishikia ubavu huu wa gauni niupime. Akajishusha sakafuni na kile kimkasi anachokivaa shingoni. Binti kasimama juu yetu anasoma daftari la uzi mwekundu. Bi Beseni chini anakata mshono mmoja mmoja, na kila ukikatika satini inanipitia ubavuni kama msumeno. Nikatabasamu. Binti akauliza nacheka nini. Nikasema furaha ya kuona wageni.

Kasahihisha makosa matatu kwa kalamu nyekundu. Kaandika chini: Vizuri, mama. Gauni limebaki.

Alipoondoka nililia kidogo. Bi Beseni kanipangusa kwa kipande cha satini, kisha kanisema kwa kuchafua satini.

La kweli: 9.

Jumapili, 9 Machi

Bi Beseni kaja kudai. Anataka nusu ya gauni. Nikakataa. Akasema sawa mwenzangu, mwalimu kesho yuko shuleni, na njia naijua. Nikakubali. Sura ya kondoo, roho ya mgambo.

Nusu yake hakuiweza. Cherehani yake ni ya mkono: mkono mmoja unazungusha, mmoja tu unabaki kwenye kitambaa, na satini inateleza kama sabuni. Kukanyaga yangu hawezi, miguu. Mimi nakanyaga, lakini kitambaa kikirundikana mapajani kinanigusa ubavu. Tukatazamana.

Akakaa kwenye kiti changu, kitambaa kikawa chake. Mimi nikakaa ng'ambo ya meza, nyayo kwenye kanyagio. Gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika mara mbili, akaniita punda, nikamwita chura wa beseni. Mara ya tatu ikaenda. Tumeunga sketi yote.

La kweli: 6, kwa kidonge kimoja tu. Sitamwambia.

Jumatatu, 10 Machi

Tumesafisha nyuzi za gauni pamoja, kila kilichokuwa mezani kimepitiwa na mkasi. Nimetosheka. Ubavu 7.

Jumatano, 12 Machi

Binti kanipitia, gari lipo nje, anapiga honi. Nikafungua droo nichukue daftari la daktari. Madaftari matatu ya kijivu, hakuna hata moja lenye uzi.

Nilikata mwenyewe. Juzi. Yalikuwa mezani, na mkono wangu haujawahi kuacha uzi unaning'inia, miaka arobaini. Miwani siioni. Honi. Nikachukua la juu.

Daktari akafungua. Akasoma, akafunua, akasoma tena. Akaniuliza malaika aliyevaa koti ndiye yeye? Malaika yupo kwenye la daktari na kwenye la kweli. Akauliza kuhusu pilipili. Pilipili ipo kwenye moja tu.

Akauliza kuhusu vidonge viwili, na hapo hakuwa anacheka. Ningeweza kuanguka juu ya sindano, kasema, na dozi angeipandisha kwa namba za uongo mpaka nisiamke. Binti akanyoosha mkono, akapewa daftari. Akatoa kalamu nyekundu, mazoea. Akasoma ya Ijumaa. Kalamu ikabaki hewani. Akaifunika, akairudisha mkobani, na makosa ya Ijumaa yapo mpaka sasa.

Akaendesha mpaka nyumbani. Kisha akauliza mbona sikumwambia tu. Nikasema ungeninyang'anya. Akasema ndiyo, ningekunyang'anya. Akanipangia: nikanyage nusu saa, nipumzike, kitambaa kishikwe na Bi Beseni. Daktari kapandisha dozi kidogo. Kasema moto huenda usiishe wote, ila tutautafutia namba nne. Kataka daftari moja, la kweli. Nimeapa mbele ya binti, kwa jina la marehemu babake.

Jumapili, 23 Machi

Jana mjukuu kaolewa. Gauni lilimkaa kama maji kwenye glasi. Nilivaa langu limegeuzwa, mishono nje, hata harusini. Watu wakaanza kunong'ona. Mara Bi Beseni akaingia, la kwake limegeuzwa vilevile, viraka vyote nje, kanyoosha shingo kama waziri. Minong'ono ikafa. Nimemsamehe kunimwagia maji ya miguu.

Leo mjukuu wangu mdogo kaja. Naye kapata mchumba. Anataka gauni la tabaka kumi na mbili, lesi juu hadi chini. Kasema bibi, utashona wewe au Bi Beseni? Binti akajibu kwa niaba yangu: tutaona daftari linasemaje Jumamosi.

Nimekwenda dukani. Safari hii nimepata rangi tatu tofauti.

Maumivu leo: itategemea nani atauliza.