Kikao cha Meno ya Pengo

Gazeti ndilo lililowasha moto asubuhi ile. Holger, fundi wa zamani wa kuchomelea meli bandarini Göteborg, ambaye kijiweni wanamwita Chuma, alilisoma kama anatangaza vita.

"Sikieni hii! Mzee wa Borås, miaka themanini na tatu, kapandikiza meno. Skrubu ndani ya taya, jino juu yake. Sasa anatafuna mkate mkavu mpaka jirani wa juu anagonga sakafu kuomba amani!"

"Kamba hiyo," alisema Sture, mwenyekiti wa meza.

Maana meza ile ya dirishani mkahawani haikuwa meza hivi hivi. Ilikuwa chama, kimesajiliwa: wanachama wanne, katiba moja, na katibu Gudrun, maarufu Kalamu, aliyeandika hata nani kapiga chafya.

Wa nne ni Torsten, yaani Pengo. Meno yake mawili ya mbele yalibaki kwenye barafu alipoteleza miaka miwili nyuma, na tangu hapo hucheka kafunika mdomo kwa kofia. Akakohoa.

"Jamani, na mimi nina miadi na daktari wa meno. Leo, saa nne na nusu, hapo ng'ambo ya barabara."

Sture akagonga kikombe kwa kijiko. "Unasemaje?"

"Mwezi wa nane Gunvor, yule mjane jirani yangu, kanialika karamu ya kamba wa ziwani. Wale hawaliwi kwa ufizi, Mwenyekiti. Na mfupa unataka miezi mitano kuishika skrubu. Nikiikosa leo, nafasi nyingine ni mwezi wa kumi."

"We Pengo, una kichaa?" Chuma alidakia. "Chuma mdomoni? Na mvua ya hapa inavyokuja kwa ubavu! Ukicheka mara moja tu, kutu!"

"Ni titani, haishiki kutu."

"Na radi je? Radi inajua titani?"

"Uwanja wa ndege watamvua taya," aliongeza Kalamu, huku akiandika.

"Mpaka mwezi wa nane atakuwa haji hapa tena," Sture alinung'unika. "Mtu akishapata meno, anapata na Gunvor. Tupige kura."

"Kura gani? Mdomo ni wangu!"

"Ndiyo maana huruhusiwi kuwepo, ndugu yangu. Una maslahi binafsi. Kifungu cha sita. Toka nje."

Mtu wa kwingine angemwaga kahawa. Torsten, mzaliwa wa hapo hapo, alifunga vifungo vya koti, akarudisha kiti mahali pake, akaenda kusimama mvuani kungoja mdomo wake ujadiliwe.

Kupitia kioo aliwaona. Chuma anachora meli hewani. Kalamu anafungua ukurasa mpya. Saa nne na dakika ishirini. Sture kanyanyua kidole na hakishushi. Saa nne na dakika ishirini na nane. Torsten akafikiria kuwagongea dirisha, akaona si adabu kukatiza kikao. Basi akageuka, akavuka barabara huku moyo ukimdunda kama mwizi wa kuku.

Alirudi saa saba, shavu limeumuka kama andazi la iliki, ganzi bado imemkaba ulimi. Wote watatu walikuwa pale pale, kahawa imepoa.

"Ulikuwa wapi, wewe?" Sture alifoka. "Ulipotoka tukabaki watatu, na akidi ni wanne! Saa zote hizi tunakungoja uingie ndani, ili tuweze kukutoa nje kihalali!"

Torsten alivua kofia, akainua mdomo wa juu kwa kidole. Vichwa viwili vya skrubu vikameremeta kwenye ufizi.

Chuma alivaa miwani, akasogea, akakagua kama anakagua ubavu wa meli.

"Loo," akasema taratibu. "Mkono wa fundi huo. Hata mimi nisingenyoosha hivi."

"Mwezi wa nane?" Kalamu aliuliza.

Torsten akatikisa kichwa kukubali, macho yanacheka kwa niaba ya mdomo.

Sture alitazama dirishani, akatazama dari. Kisha akaingiza vidole viwili mdomoni, akatoa safu nzima ya meno ya juu ya kuvaa, akaifunga ndani ya karatasi ya kufutia mikono, akanyanyuka na koti lake.

"Huyo daktari," akasema, midomo imebonyea ndani, "anafunga saa ngapi?"