Nafasi Moja Ukutani

Jumatatu, 6 Juni 1988

Nimefika kazini kabla ya wote ili nibaki peke yangu na viatu. Kila asubuhi nafanya hivyo. Makumbusho yetu ya riadha hapa Eldoret ni ghala la zamani la mahindi, mabati juu, saruji chini. Lakini ukifungua kabati la tatu ukaona raba zilizopasuka kwenye kidole gumba, na jezi yenye chumvi ya jasho la miaka ishirini, unavua kofia bila kuambiwa. Huu ni mwaka wangu wa nne hapa kama karani, na leo nimeivua tena!

Saa nne Mwalimu Nyakio, mwenyekiti wetu, ametangaza kwamba Ukuta wa Heshima una nafasi moja mwaka huu. Moja tu! Picha ikipanda pale haishuki, hata mwenyewe akifa. Yeyote atakayefika Jumamosi atachagua kwa mlolongo, kama kwenye mchujo wa chama Februari. Unasimama nyuma ya unayemtaka, mnahesabiwa, kwisha.

Moyo umenidunda. Sababu ni Nelima, mke wangu. Nilipomchumbia mwaka wa 1968 nilimwambia ni mimi niliyeshinda maili sita za wilaya. Alinipenda siku hiyo hiyo. Tangu niajiriwe hapa anauliza picha yangu iko kabati gani, na mimi namjibu iko kwa fundi wa fremu. Miaka minne kwa fundi! Na Jumamosi anakuja na akina mama wa kanisa kujionea mwenyewe.

Lazima nipande ukutani.

Jumanne, 7 Juni

Kanuni inasema anayependekezwa alete fomu na ushahidi, karani apokee. Karani ni mimi. Nimejipokea kwa mikono miwili na kujipigia muhuri.

Ushahidi ni picha ya 1967. Kweli nilikuwa kwenye mstari wa mwisho siku ile. Nilikuwa nimeshika utepe. Mshindi nimemwondoa kwa makasi, polepole, huku namwomba msamaha. Nimebaki mimi, utepe mkononi, mdomo wazi kwa furaha. Safi kabisa!

Mwalimu Nyakio ameitazama sana. Akauliza mbona nilishinda nikiwa na suruali ndefu na tai. Nikamwambia zamani tulikimbia kwa heshima. Akavaa miwani, akaitazama tena. Alifundisha miaka thelathini, na jicho lake linatoboa.

Bwana Gerishon Kiarie naye ameleta fomu. Huyu ana duka la vifaa vya ujenzi na ndiye aliyetupatia vioo vya makabati. Hajawahi kukimbia, hata mvua haimkimbizi! Anataka ukuta kwa sababu ya vioo. Tena ameuliza, mara ya tatu, kama medali zikiuzwa faida itagawanywa vipi. Mwalimu akamweleza, mara ya tatu, kwamba hapa hakuna faida ya mtu. Kila kitu ni cha wananchi, sisi ni walinzi tu, na hakuna anayeenda nyumbani hata na msumari. Kiarie alishangaa upya.

Jumatano, 8 Juni

Sijui niandike vipi ya leo.

Mzee mmoja ameshuka kwenye lori la maziwa kutoka Moiben. Jina Kimeli. Amebeba kitu kwenye gunia. Nikadhani ni kuku. Kumbe ni jembe!

Akasema taratibu, kama anasimulia habari za jirani, kwamba mwaka wa 1956 alikimbia maili sita peku. Zawadi ya kwanza jembe, ya pili blanketi. Asubuhi ilikuwa na baridi, na akiwa mbele mzunguko wa mwisho akafikiria kupunguza mwendo apate blanketi. Kisha akakumbuka mama yake analima na jembe la kuazima. Akaongeza.

Mama yake alilima nalo. Halafu mke wake. Wamesomesha watoto saba. Chuma kimelika mpaka kimebaki sawa na kiganja changu. Nimevaa glavu nyeupe kulipokea. Mungu wangu! Tuna medali za nchi za mbali hapa, na sijasikia hata moja iliyosomesha watoto saba.

Nimeliandika kwenye rejista, namba 214. Kwenye safu ya “zawadi ama mkopo” Mzee amesema niache wazi kwanza. Mama wa nyumbani, mkewe, hajaamua.

Mwalimu akamwambia ajaze fomu ya nafasi ya ukutani. Akajibu hana picha. Mwalimu akasema basi watu watasimama nyuma ya jembe.

Nimemsikitikia. Nani atapiga foleni nyuma ya jembe?

Ijumaa, 10 Juni

Kiarie ameahidi kuwaleta wafanyakazi wake wote kumi na wawili. Mimi nina Nelima na akina mama wa kanisa. Haitoshi. Ndipo akili ikafunguka!

Mtu wa Eldoret akiona chai anapiga foleni, haulizi ya nini. Nimepatana na Wangari wa hoteli ya kona alete birika kubwa na mandazi. Meza itakaa chini ya picha yangu. Anayetaka chai atakuwa kwenye mlolongo wangu, apende asipende.

Nimecheka peke yangu mpaka Mwalimu akanisikia. Nimemwambia ni kikohozi.

Jumamosi, 11 Juni

Aibu! Aibu yenye miguu!

Ilianza vizuri. Mvua ya asubuhi, baridi, watu wanapumulia viganja. Birika likaingia na mara moja nikawa na watu arobaini na moja! Kiarie alikuwa na kumi na wawili wake, na hata kati ya hao, watatu walikuwa wananusa mandazi. Nyuma ya jembe, hakuna mtu. Mzee Kimeli alikuwa amekaa kwenye benchi anasoma maandishi ya makabati, kofia mapajani.

Mwalimu akaingia. Akaona birika linafuka karibu na jezi. Kanuni ya kwanza ya makumbusho: hakuna chakula wala kinywaji karibu na vitu. Mimi ndiye niliyeiandika ile karatasi ya mlangoni! Akaamuru birika litolewe nje.

Likatoka. Na mlolongo wangu ukatoka nalo, mtu kwa mtu, hata haukukatika. Mwalimu akapuliza kipenga cha kujipanga. Nyuma ya picha yangu, sifuri.

Nelima peke yake hakufuata chai. Alikuwa mbele ya jembe, anasoma kibandiko nilichoandika mwenyewe. Akasoma mara mbili. Kisha akajipanga nyuma yake. Mke wangu! Akina mama wa kanisa wakaingia na vikombe vitupu, wakauliza kuna nini, wakasoma, wakajipanga. Halafu wale wa chai. Halafu wafanyakazi wa Kiarie, mmoja mmoja, bila kumtazama mwajiri. Watu wamesimama wima nyuma ya kipande cha chuma, kofia mkononi.

Nilikuwa peke yangu chini ya picha yangu. Miguu ikaondoka yenyewe. Nilikuwa mtu wa hamsini na nne, na haki ya Mungu sijawahi kusimama mahali nikajivunia hivyo.

Jumapili, 12 Juni

Baada ya kanisa nimekiri. Nelima akaendelea kuchambua mboga. Akasema amejua tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, fahali wa baba yake alipotukimbiza na yeye akafika uani kabla yangu, tena akiwa na mtungi kichwani. Akasema njia ya mwongo ni fupi, na nimshukuru Mungu kwamba alinipendea vitu vingine. Nikauliza vitu gani. Akasema anafikiria.

Nimeapa, mkono juu ya Biblia. Sitadanganya tena juu ya mbio.

Jumatatu, 13 Juni

Watoto arobaini wa shule kutoka Ainabkoi. Wamelizunguka jembe midomo wazi. Msichana mmoja akaniuliza kama mimi pia nilikimbia. Nikasema hapana! Kiapo ni kiapo. Nikasema mimi ndiye niliyemfundisha Mzee Kimeli.

Nikageuka. Mzee Kimeli amesimama mlangoni. Amekuja kuniambia mama wa nyumbani ameamua ni zawadi. Yeye alikimbia 1956, na mimi mwaka huo nilikuwa darasa la pili! Nikaomba ardhi ipasuke.

Mzee akawatazama watoto. Akanitazama mimi. Akavua kofia, akachukua kalamu, akaniuliza kwa sauti ya heshima, “Kochi, nitie sahihi wapi?”

Kochi! Mbele ya mashahidi arobaini! Nimeangalia kanuni jioni hii. Makocha wanaruhusiwa ukutani. Fomu ya mwakani nimeshajipokelea.