Namba Tasa ya Marehemu Opoka

Jumatatu, 3 Mei 1993
Mwalimu Opoka, mkuu wetu wa hisabati, amelazwa hospitali ya Nsambya. Daktari kasema hatoki. Nimesikitika sana. Kisha nikakumbuka kwamba mkuu wa hisabati hupewa nyumba ya shule, ya matofali, na chumba changu hapa mtaani Kamwokya jana kiliingia maji hadi kwenye godoro. Anayeitaka pia ni mwalimu mwenzangu Odyek, mtoto wa kambi ya polisi, anayenyoa ndevu kila siku ili aonekane mwaminifu. Tutaona!

Jumatano, 5 Mei
Opoka amefariki alfajiri. Nililia kweli. Ndiye aliyenipokea nilipotoka Kenya na sanduku moja.
Mchana, wazo! Marehemu alipenda namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Nitamtafutia moja kubwa, niipe jina lake mbele ya mkuu wa shule, Bi Docus. Nimechagua 1,000,001. Sura nzuri mno! Nimeigawa kwa kila namba tasa hadi 97. Imekataa zote. Kanuni inataka nifike karibu na elfu moja, lakini namba iliyokataa zote hizo imeshaonyesha tabia yake. Nikalala.

Alhamisi, 6 Mei
Nimempelekea mjane, Aloyo, namba ya mumewe. Hajala tangu jana. Akaniuliza kama kweli hakuna kinachoweza kuivunja. Nikamwambia, hakuna, shemeji. Akamwagiza fundi aiandike msalabani, chini ya jina. Roho iliniuma kidogo. Kisha nikaitazama nyumba yao ya shule: vyumba viwili, dirisha la vioo.

Ijumaa, 7 Mei
Balaa! Baada ya misa, walimu tulijitambulisha mmoja mmoja mbele ya jeneza, kama ilivyo desturi. Nikaitangaza Namba ya Opoka. Watu wakapiga makofi, msibani! Hata Bi Docus alifuta machozi.
Akasimama Odyek. Akaniuliza kwa upole, akiniita bwana kwa Kiganda, "Ssebo, mia na moja ulijaribu?" Mia na moja! Ndiyo tasa inayofuata baada ya 97. Akaigawa palepale kwa sauti: 101 mara 9,901. Namchukia Odyek.
Aloyo hakunigombeza. Aliniomba tu niifute kabla msalaba haujapanda lori la kwenda kuzika kwao Gulu, maana mumewe hakuwahi kuwafundisha watoto kosa. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumamosi, 8 Mei
Lori limeondoka. Aloyo alikaa mbele na watoto, nyuma jeneza, vitanda na masufuria, kwa sababu shule inaitaka nyumba yake. Mimi nilikuwa nyuma na brashi, dereva akipiga honi. Rangi ya kufutia sikuwa nayo, ila nyeusi kidogo. Nikaongeza sifuri moja katikati.
10,000,001. Niliigawa kichwani kwa mbili, tatu, tano na saba. Imekataa zote! Kumi na moja sikufika, lori lilikuwa limeanza kwenda. Jumatatu asubuhi naenda kumweleza Bi Docus habari ya namba mpya, na kuulizia funguo.